Simu ya tatu: kutengeneza mtandao wa simu janja bila mnara

Simu mbili kuzungumza bila mnara si kazi. Unawasha Bluetooth, unaoanisha, unatuma picha, basi. Watu wamefanya hivyo tangu enzi za simu za vitufe. Kazi inaanza na simu ya tatu. Simu A inaisikia B, na B inaisikia C, ila A na C hazisikiani kwa sababu kati yao kuna ukuta, kona ya jengo au mita 60 za watu waliobanana. Ujumbe wa A utaifikiaje C? Kila programu inayojinadi kwamba inawasiliana bila intaneti wala laini ipimwe kwanza kwa swali hilo. Nyingi huangukia hapo, na mwenye simu hulijua hilo siku minara imezimika, wakati hana tena pa kupakulia nyingine.

Redio zilizomo mfukoni

Redio inayozungumza na mnara haitusaidii, maana imeundwa kuongea na kituo, si na simu mwenzake. Zinazobaki ni Bluetooth na Wi-Fi, na kila moja ina tabia zake.

Bluetooth inayotumia nguvu kidogo, BLE kwa kifupi, ilikuja na toleo la 4.0 mwaka 2010. Simu hutangaza kwamba ipo kupitia chaneli tatu, namba 37, 38 na 39, kwa tangazo lenye nafasi ya baiti 31, yaani kama herufi 31 hivi. Nafasi hiyo inatosha kusema "nipo, na natumia programu fulani", haitoshi kubeba ujumbe wa maana. Kwa hiyo simu zikishaonana huunganishwa, ndipo ujumbe unapohamishwa. Hata hapo, kipimo cha kuanzia ni baiti 23 kwa pakiti, na tatu kati ya hizo ni za itifaki yenyewe, yaani kanuni za mazungumzo ya redio. Unabaki na 20. Ujumbe wa baiti 300, yaani sentensi tatu nne hivi, unakatwa vipande 15. Programu iliyoandikwa vizuri huomba kipimo kikubwa zaidi mara tu muunganisho unapofunguka (Android inakubali hadi 517), na ujumbe huohuo unaenda kwa mkupuo mmoja. Isiyoomba utaitambua: watu wawili wakipishana kwenye ngazi, muunganisho unakatika kwenye kipande cha 12, na wakikutana tena kazi inaanza upya.

Umbali wa kuhesabia ndani ya jengo ni mita 10 hivi. Mahali pa wazi inaweza kufika makumi kadhaa ya mita. Mwili wa mtu una maji mengi, na maji humeza mawimbi ya 2.4 GHz, kwa hiyo simu iliyo mfuko wa nyuma inaweza isimwone jirani aliye mbele ya mwenye simu. Kwa kazi nzito, weka simu mfuko wa kifuani au juu ya mkoba.

Wi-Fi ina kasi kubwa na inafika mbali zaidi, lakini imefungwa kwa namna inayoudhi. Kompyuta zimekuwa na modi ya Wi-Fi ambamo mashine zote ni sawa na hakuna kiongozi. Android ya kawaida haiitoi kwa programu. Mradi wa Serval, ulioanzishwa Australia mwaka 2010 baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, uligonga mwamba huo: ili simu zitumie modi hiyo ilibidi kuvunja kufuli la mfumo wa simu, jambo ambalo huwezi kumwambia mtu alifanye katikati ya maafa. Baadaye mradi ukageukia kutengeneza kifaa cha pembeni chenye redio yake.

Kilichopo rasmi ni Wi-Fi Direct, iliyoingia Android na toleo la 4.0. Simu moja inakuwa mkuu wa kundi, nyingine zinajiunga kwake. Hapa tukae kidogo, maana ndipo simu ya tatu inapokwama. Kwenye Android mkuu wa kundi hujipa anwani 192.168.49.1 na kuwagawia wengine anwani za mfululizo huohuo. Sasa chukua makundi mawili, kila moja na mkuu wake, na simu B iliyosimama katikati ikitaka kuwa daraja. Simu nyingi hazikubali kuwa mwanachama wa makundi mawili kwa wakati mmoja. Na hata ile ambayo redio yake ingeweza, ingekuta wakuu wote wawili wanaitwa 192.168.49.1. Pakiti iliyoandikiwa anwani hiyo iende kwa yupi? Mfumo utachagua njia moja, na kundi la pili litakuwa kama halipo. Ongeza kwamba mwaliko wa kujiunga huleta dirisha linalotaka mtu abonyeze kukubali, na utaona kwa nini Wi-Fi Direct ni nzuri kwa kuhamisha video kati ya watu wawili walioketi meza moja, na haifai kuwa uti wa mgongo wa mtandao unaojiendesha wenyewe.

Wi-Fi Aware, iliyokuja na Android 8.0 mwaka 2017, iliundwa na watu walioelewa tatizo hili. Simu za eneo moja hulinganisha saa zao, zikaamka pamoja kwa muda mfupi sana takriban kila nusu sekunde, zikaambiana zina nini, zikalala. Hakuna mkuu anayebeba kundi zima. Apple nayo imeanza kuiruhusu kwa programu kuanzia iOS 26, mwaka 2025. Kikwazo ni chipu: simu nyingi za bei ya chini hazina uwezo huo hata kama toleo la Android ni jipya. Kagua simu za kundi lako moja moja kabla ya kuitegemea.

Mfumo wa simu unapokuzimia mtandao

Redio zikiwa sawa, anayefuata kukukwamisha ni mfumo wa simu wenyewe. Una sababu ya haki, yaani betri na faragha, lakini matokeo yake ni kwamba mtandao unaofanya kazi vizuri skrini zikiwa zinawaka unakufa dakika chache baada ya simu kurudishwa mfukoni.

Kwa Android, tangu toleo la 7, programu ikianzisha utafutaji wa BLE zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 30 hunyimwa matokeo, mara nyingi bila mtumiaji kuonyeshwa kosa lolote. Utafutaji unaodumu zaidi ya dakika 30 hushushwa daraja, ukawa unadandia tu utafutaji wa programu nyingine. Tangu 8.1, utafutaji usiotaja kitu mahususi unachotafuta husimama skrini ikizimwa. Juu ya hayo kuna usingizi mzito wa simu iliyolala mezani, ulioanza na Android 6, na juu yake tena kuna hatua za baadhi ya watengenezaji ambao huua programu yoyote ya chinichini wanayoona inakula betri. Hii ya mwisho ndiyo inayowapata wengi, na tiba yake iko kwenye mipangilio: fungua ukurasa wa programu, sehemu ya betri, uiondolee vizuizi, ruhusu ijiwashe yenyewe pale simu inapotoa chaguo hilo, kisha uiwekee alama ya kufuli kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa ili isifagiliwe. Zima pia Kiokoa Betri, au ujue kabisa kwamba kikijiwasha kwenye asilimia fulani ya chaji, simu hiyo imetoka mtandaoni.

Ruhusa nazo zinachanganya watu. Kuanzia Android 6 hadi 11, programu haiwezi kutafuta vifaa vya BLE bila ruhusa ya mahali, na huduma ya mahali yenyewe iwe imewashwa. Programu ya ujumbe inapoomba mahali, wengi hukataa kwa tahadhari, kisha wanashangaa haioni mtu. Tangu Android 12 kuna ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, iliyotenganishwa na mahali.

iPhone ni kali zaidi. Programu ikitoka kwenye skrini, tangazo lake la BLE hupunguzwa: jina huondolewa, na utambulisho wa huduma huhamishiwa sehemu ambayo kifaa kingine cha iOS tu, kinachoutafuta utambulisho huo kwa makusudi, ndicho kinachoweza kuusoma. Android iliyo mita mbili kutoka hapo haioni kitu. Kwa hiyo kundi lenye mchanganyiko wa simu lipange hivi: wenye iPhone wafungue programu iwe kwenye skrini kwa saa walizokubaliana, na wenye Android ndio wawe wabebaji wa kudumu.

Kuruka na kubebwa

Ujumbe una njia mbili za kumfikia mtu ambaye redio yako haimfikii. Ya kwanza ni kuruka: B anaupokea na kuurusha papo hapo, C anaupokea na kuurusha, hivyo hivyo. Ya pili ni kubebwa: B anauhifadhi, anatembea nao, anaukabidhi akikutana na C. Watu wengi wakisikia mtandao wa simu kwa simu hufikiria ya kwanza. Kwa simu za kawaida, ya pili ndiyo yenye nguvu, na hesabu inaonyesha.

Bitchat, programu ya BLE iliyotolewa na Jack Dorsey mwezi Julai 2025, inaruhusu ujumbe uruke mara 7. Hata ukikadiria kwa ukarimu mita 30 kwa kila mruko, jumla ni mita 210, tena ikiwa watu wamekaa kwa mpangilio mzuri. Inatosha uwanja, ukumbi au jengo la ghorofa. Kuvuka kilomita 1 kwa miruko ya mita 30 kungehitaji zaidi ya simu 30 zilizopangwa kama shanga, zote ziko macho. Mtu mmoja anayetembea kilomita 5 kwa saa anafika upande wa pili kwa dakika 12, na simu yake inaweza kubeba maelfu ya ujumbe.

Kuruka kuna gharama nyingine: mafuriko. Ukumbini wakiwa watu 100 na kila simu ikirudia ujumbe mara moja, hewa inabeba ujumbe uleule mara 100 ilhali wengi waliusikia tangu mwanzo. Ndiyo maana kila ujumbe hubeba namba ya utambulisho na hesabu ya miruko iliyobaki. Simu hutunza kumbukumbu ya namba ilizokwisha kuziona na kutupa marudio. Mifumo mizuri huongeza subira ya nasibu: kabla ya kurusha, ngoja kidogo, na ukimsikia jirani ameshaurusha, nyamaza. Programu isiyo na subira hiyo inafanya kazi vizuri kwa simu 5 na inazama kwa simu 50, kwa hiyo usiridhike na jaribio la sebuleni.

Kubeba nako kuna hesabu zake. Mwaka 2000 Amin Vahdat na David Becker wa Chuo Kikuu cha Duke walieleza njia ya kueneza ujumbe kama maambukizi: wawili wakikutana, kila mmoja anampa mwenzake asichonacho. Ujumbe unafika kwa uhakika kuliko njia nyingine zote, lakini kila simu inajaa ujumbe wa kila mtu. Njia ya wastani ni kupanga idadi ya nakala. Sema 8: wa kwanza akikutana na mwenzake anampa haki ya nakala 4 na kubaki na 4, kila mmoja anagawa tena nusu kwa nusu, na aliyebakiwa na moja hampi mtu yeyote isipokuwa mlengwa mwenyewe. Ikiwa kundi lako ni la watu 20 wanaotuma maandishi tu, enezeni kwa wote bila wasiwasi. Picha na sauti ndizo zinazohitaji mpaka.

Briar, hatua kwa hatua

Kwa kundi la kudumu lenye simu za Android, chaguo langu ni Briar, programu ya ujumbe. Haikimbilii kuruka, inabeba. Hutumia Bluetooth, Wi-Fi ya pamoja, na intaneti kupitia Tor (mtandao unaoficha nani anawasiliana na nani) pale inapokuwepo, na mtumiaji hahitaji kuchagua.

Isakinisheni mapema. Ikiwa mtandao umeshakatika na mmoja wenu anayo, ndani yake kuna sehemu ya kuigawa bila intaneti: simu hiyo inawasha hotspoti ndogo, mwenzake anajiunga na kupakua faili ya programu kutoka kwake. Aliyepakua lazima aruhusu usakinishaji kutoka nje ya duka la programu.

Fungua akaunti kwa jina la utani na nenosiri. Akaunti inakaa ndani ya simu hiyo tu. Hakuna seva, hakuna kubadilisha nenosiri kwa barua pepe. Ukilisahau, au ukiiondoa programu, akaunti imekwenda na watu wote uliowaongeza wamekwenda. Liandike mahali salama.

Kisha kuongezana, na hapa mfanye mkiwa pamoja. Wawili mnafungua sehemu ya kuongeza mtu aliye karibu kwa wakati mmoja. Skrini inagawanyika: nusu moja inaonyesha msimbo wa QR wako, nusu nyingine ni kamera. Shikeni simu zikitazamana, umbali wa kiganja kimoja hadi viwili, mwangaza wa skrini umepandishwa, mpaka kila simu iwe imesoma msimbo wa mwenzake. Ikikwama, sababu ni karibu siku zote moja kati ya tatu: mmoja amekataa ruhusa ya mahali au kamera, mmoja amechelewa kufungua ukurasa ule, au kioo cha kinga kimechakaa na kinarudisha mwanga. Rudini nyuma wote wawili na muanze pamoja. Mmoja akianza upya peke yake haisaidii. Watu 10 wakiongezana kila mmoja na kila mmoja ni mara 45. Punguzeni kwa kutumia utambulisho: anayewajua wawili anaweza kuwatambulisha ndani ya programu bila wao kukutana.

Sasa simu ya tatu. Ujumbe wa faragha wa Briar kutoka A kwenda C haupiti kwa B hata kidogo. Husubiri A na C wakutane. Watu hawalijui hili na huishia kudhani programu imeharibika. Kinachopita kwa watu wengine ni jukwaa: mwanachama yeyote anaweza kumwalika mtu anayefahamiana naye, na maandiko husafiri kati ya wanachama wanaofahamiana. A anaandika, B anapata akiwa karibu na A, C anapata B akimpitia. Kundi la faragha ni tofauti kidogo: mwanzilishi peke yake ndiye anayealika, na maandiko hupitia kwake mpaka wanachama wakubali kudhihirisha kwamba wanafahamiana. Fanyeni hivyo mapema, vinginevyo mwanzilishi akiishiwa chaji kundi zima linanyamaza. Kwa matangazo ya dharura, fungueni jukwaa moja na kila mtu aingizwe.

Jambo dogo linaloharibu mengi ni saa. Simu iliyozimika kabisa na kuwashwa mahali pasipo na mtandao inaweza kuamka na tarehe isiyo sahihi. Funguo za Briar hubadilika kwa kufuata wakati, kwa hiyo simu mbili ambazo saa zake zimeachana mno hazitaelewana, na hakuna kitakachokueleza wazi kwamba tatizo ni hilo. Kila mkikutana, linganisheni tarehe na saa kwa macho.

Hotspoti, njia rahisi inayosahaulika

Mkiwa ndani ya jengo moja au kambi moja, simu moja ikiwasha hotspoti na nyingine zikajiunga, mna mtandao kamili wa Wi-Fi hata bila laini. Briar inautumia, na kwa faili kubwa LocalSend, programu ya kutumiana faili, inautumia vilevile, na hiyo inakwenda kwenye Android, iPhone na kompyuta.

Mitego yake ni minne. Hotspoti hujizima yenyewe ikikosa mtu kwa dakika kadhaa. Kuna swichi ya kuzima tabia hiyo. Simu zilizojiunga huona hakuna intaneti na hujitoa kimyakimya kurudi kwenye data, kwa hiyo swali la kubaki kwenye mtandao usio na intaneti likija, jibu ndiyo na uiambie ikumbuke. Idadi ya wanaoweza kujiunga ina kikomo, mara nyingi 8 au 10. Na masafa yawekwe 2.4 GHz, yanapenya kuta vizuri kuliko 5 GHz na simu za zamani zinayaona. Mkizidi 10, tafuteni rauta ndogo inayotumia volti 5 muiunganishe na pawabenki, na katika mipangilio yake mzime kipengele kinachozuia vifaa kuonana. Kikiwa kimewashwa, kila mtu atakuwa amejiunga vizuri na hakuna atakayemwona mwenzake.

Mnapohitaji kilomita

Umbali ukizidi wa sauti ya mtu anayepiga kelele, simu peke yake haitoshi. Hapo ndipo redio za LoRa zinapoingia: kibao kidogo chenye antena, kinachoshikana na simu kwa Bluetooth na kuongea na vibao vingine kwa masafa ya 433, 868 au 915 MHz kulingana na sheria za nchi. Mradi wa Meshtastic, ulioanza mwaka 2020, ndio wenye watumiaji wengi.

Antena kwanza, umeme baadaye. Redio ikirusha bila antena, nguvu inarudi ndani na inaweza kuunguza kipaza nguvu, na kibao kinabaki kinawaka kana kwamba ni kizima. Ukishaweka antena, sakinisha programu yake kwa kebo kupitia kivinjari cha Chrome au Edge, oanisha na simu, kisha chagua eneo la nchi. Kabla ya hapo redio hairushi kitu. Kibao kimoja hushikana na simu moja kwa wakati mmoja. Vibao vya chipu ya nRF52840 hukaa na chaji muda mrefu kuliko vya ESP32. Kwa nodi, yaani kibao kilicho mtandaoni, inayokaa juani na paneli ndogo, chagua hiyo ya kwanza.

Fahamu ufinyu wake. Mpangilio wa kawaida hupitisha takriban kilobiti 1 kwa sekunde. Ujumbe wa baiti 200 ni biti 1,600, hivyo unashika hewa kwa sekunde moja na nusu hadi mbili. Miruko ya kawaida ni 3, kwa hiyo ujumbe mmoja ukirushwa na nodi nne umekalia chaneli sekunde 6 hadi 8 kwa eneo zima. Picha na sauti zisahau. Punguza pia taarifa za mahali zinazotumwa zenyewe, kwa sababu nodi 30 zinazojitangaza kila mara zinaziba njia ya maneno ya watu. Na usiweke kila nodi kuwa rauta: jukumu hilo ni la nodi iliyo juu, kwenye paa au kilima, inayoona mbali. Kilichoko mkononi kibaki mteja. Ukipata nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza kimo cha antena. Mita chache za kupanda juu ya mapaa huzidi karibu kila marekebisho ya ndani.

Ufunguo wa chaneli ya kuanzia unajulikana na kila mtu duniani. Tengeneza wako na uugawe kwa msimbo wa QR, ana kwa ana.

Nani mwingine anasikiliza

Mtandao ambao kila mpita njia anabeba ujumbe wako unahitaji usimbaji wa kweli, yaani kuugeuza ujumbe kuwa fumbo ambalo mlengwa tu ndiye anayeweza kulifungua. Mwezi Agosti 2020 watafiti wa Royal Holloway, London, walionyesha kwamba Bridgefy, programu ya ujumbe wa simu kwa simu iliyokuwa imeenea kwenye maandamano ya Hong Kong mwaka uliotangulia, ilimruhusu mtu kujifanya mwingine, kusoma ujumbe wa faragha, kujua nani anawasiliana na nani, na kuangusha mtandao mzima kwa ujumbe mmoja uliobanwa kwa hila ukafumuka mno wakati wa kufunguliwa. Wenye programu walihamia itifaki ya usimbaji ya Signal baadaye mwaka huohuo, na mwaka 2022 watafiti walionyesha kasoro tena. Bitchat nayo ilitolewa na onyo la muundaji wake kwamba usalama wake haujakaguliwa na watu wa nje. Kwa mipango ya harusi au mechi, itumie kwa raha. Mahali ambapo ujumbe ukisomwa mtu anaumia, tumia kilichokaguliwa.

Hata usimbaji bora hauifichi redio. Simu inayotangaza BLE inaonekana kwa yeyote mwenye kifaa cha kusikiliza, hata kama hawezi kusoma neno. Anayehitaji kutoonekana azime Bluetooth na Wi-Fi, abebe ujumbe kimya, aziwashe mahali pa makabidhiano.

Jaribio la lazima

Chukueni simu tatu, zote zikiwa kwenye hali ya ndegeni, kisha muwashe Bluetooth na Wi-Fi upya kwa mkono. Hali hiyo ina faida ya pili: mahali pasipo na mnara, simu huhangaika kutafuta mtandao kwa nguvu zake zote na kumaliza chaji, hali ya ndegeni inaizuia.

Wekeni A na C ncha mbili za jengo, mbali kiasi kwamba hazionani. Hakikisheni kwa kutuma ujumbe kutoka A: usifike C. Mleteni B katikati, skrini zote zikiwaka. Ukipita hapo hapo, programu inaruka. Usipopita, B atembee mpaka kwa A, akae dakika mbili, atembee mpaka kwa C. Ukifika sasa, programu inabeba. Usipofika kwa njia zote mbili, hamna mtandao, mna simu mbili mbili.

Halafu rudieni yote skrini zikiwa zimezimwa na simu zikiwa mifukoni kwa dakika 40, muda unaovuka ule wa 30 wa kushushwa daraja. Simu iliyopita la kwanza na kushindwa la pili inauawa na mipangilio ya betri: rekebisheni hiyo moja, msiiguse programu. Ikishindwa ile iliyo karibu na iPhone tu, fungueni programu kwenye iPhone iwe mbele na mjaribu tena. Zikishindwa zote tatu kwa pamoja, tazameni saa zao.

Andikeni pembeni kila simu, toleo lake la mfumo, na ilichoshindwa. Rudieni kila baada ya sasisho kubwa la mfumo, kwa sababu sasisho likipita, ruhusa ya betri mliyoitoa mara nyingi ndiyo ya kwanza kurudi ilivyokuwa.